Iwapo Mwenzangu Atakubali

Mimi ni karani wa shule, huu mwaka wa kumi na tisa, na nasema wazi: kuwa na wakuu wawili kunachosha kuliko kutokuwa na mkuu kabisa. Jumatatu hadi Jumatano saa sita mchana mwalimu mkuu ni mama mmoja tunayemwita Bi Taratibu. Kuanzia hapo hadi Ijumaa ni Mzee Chaki. Kiti kimoja, meza moja, daftari moja la makabidhiano. Wangekuwa wanagombana ningeshukuru. Shida yao ni adabu. Huyu haamui neno bila kumheshimu yule, na yule hathubutu kumtangulia huyu. Kitasa cha choo cha walimu kimeharibika tangu mwaka jana, mpaka leo tunaingia huku tunaimba, ili wa nje ajue kuna mtu.

Basi binti yangu wa pekee akapata mimba yake ya kwanza, nikamwahidi kwamba siku ikifika nitakuwa naye. Mwezi mzima kabla, nikaomba ruhusa ya siku kumi. Bi Taratibu akanipongeza, akaandika kwenye barua: "Nimekubali, iwapo mwenzangu atakubali." Alhamisi Mzee Chaki akaisoma, akafurahi kweli, akaandika chini yake maneno yale yale. Jumatatu Bi Taratibu akasema mwenzake bado anatafakari, tusimharakishe mtu mzima. Barua ikaenda ikarudi, wiki baada ya wiki. Mvumilivu hula mbivu, sawa, lakini aliyesema hayo hakuwa akingoja mjukuu.

Jumatano saa sita, wote wawili wakiwa ofisini wanakabidhiana, mkwe wangu akapiga simu. Uchungu umeanza. Nikaingia bila kubisha hodi, nikaibwaga barua mezani. Bi Taratibu akamsogezea Mzee Chaki kalamu. Mzee Chaki akamrudishia, eti mambo ya uzazi mwanamke ndiye ayajuaye. Bi Taratibu akaitazama saa ya ukutani, akasema zamu yake imekwisha, si vizuri kuingilia. Haki ya Mungu, nilitamani kulia.

"Wakuu wangu," nikasema, "mwanangu hazai kwa zamu."

Nikaichukua kalamu mwenyewe, nikaandika chini yao: "Nimekwenda, hata msipokubali." Nikabeba mkoba wangu nikatoka.

Sijafika hata kituoni, simu ikalia. Walikuwa wao, kwa simu moja, kila mmoja akimsihi mwenzake aongee kwanza. Kumbe wamesaini, wote wawili, na sasa wanauliza ufunguo wa kabati la mhuri uko wapi. Ulikuwa mkobani mwangu. Nikakata simu.

Hospitalini nilimkuta binti yangu amelowa jasho. Akanishika mkono, akauliza kama nimepewa ruhusa au nimetoroka kazini.

"Nimepewa, mwanangu. Na wakuu wawili."

Akacheka, kisha uchungu ukamjia, akaniminya vidole karibu avivunje. Sikuvitoa.