Hatua Kumi na Mbili za Shemeji

"Mama Gachoki, tangu lini shamba likahama?"

Jirani yangu Karimi aliniuliza hivyo siku moja akiwa ameegemea ua, nami nikamjibu kwamba hapa Kibugu shamba la mjane huhama siku shemeji anaponunua lori.

Ndivyo ilivyokuwa. Shemeji yangu Ndambiri, ndugu mdogo wa marehemu mume wangu na mzee wa kanisa anayefumba macho kwa nguvu sana akiomba, alinunua lori kisha akagundua kwamba halina pa kupita. Kati ya geti lake na barabara kuna kipande changu cha pembe tatu, nilichoachiwa na mume wangu, kimejaa nyasi za nepia. Ng'ombe wangu anakula hapo. Mimi nakula kwa maziwa yake. Sina kingine.

Ndambiri hakusema anakitaka. Alisema tukisogeze.

"Kipande ni kile kile, shemeji. Tunakiteremsha kidogo kuingia kwangu, tunakivuta kulia, basi. Hupotezi hata unyasi mmoja."

Niliomba siku tatu, nikaona amani ni bora. Nikakubali, mradi kiwe kile kile.

Siku ya kusogeza nilikuwa jikoni nikichambua maharagwe, na dirisha langu linatazama huko. Ndambiri alikuja na Mwalimu Kithaka, aliyestaafu kufundisha hesabu lakini hajastaafu kujisifu. Ndambiri ni mrefu, akipiga hatua moja amevuka mtaro. Mwalimu ni mfupi, na hutembea kama kuku kwenye matope. Kutoka kwenye matoka, yale maua tunayopanda mpakani, Ndambiri alihesabu hatua kumi na mbili chini na tano kulia, akapiga kigingi. Ncha ya pili, vivyo hivyo. Alipofika ile ncha ya tatu, ya huko chini kabisa, simu yake ikalia. Akasimama kuongea mambo ya lori kwa sauti ya kusikika Embu mjini, na mwalimu akahesabu badala yake. Kumi na mbili, tano, kigingi.

Mimi nikaendelea na maharagwe.

Jumamosi wakaja na Mzee Gitari, mwenyekiti wa ukoo, na barua ya kutia sahihi. Nikishatia, matoka ya zamani yang'olewe, yapandwe penye vigingi, na maneno yaishe. Mwalimu akabandika karatasi ya grafu ukutani, juu ya kalenda yangu ya kanisa.

"Tazameni. Ncha ya kwanza imesogea tano kulia, kumi na mbili chini. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo. Umbo likisogezwa namna hiyo halibadiliki. Pande tatu za hii ni sawa na pande tatu za ile, kwa hivyo pembetatu hizi zinalingana kabisa. Imethibitika! Hata mtoto wa darasa la nane anaona."

"Mimi niliishia la saba, mwalimu."

Wakacheka. Ndambiri alicheka mpaka akamwaga chai yangu.

"Grafu yako ni nzuri," nikasema. "Imenyooka kuliko shamba lolote la Kibugu. Lakini huo mraba mmoja ni nini?"

"Ni hatua moja, mama."

"Hatua ya nani?"

Mwalimu akaigeukia grafu yake, akaanza kuhesabu miraba upya.

"Mzee Gitari," nikasema, "mimi huwakatia akina mama wa kanisa vitambaa vya kichwa. Nikisogeza karatasi ya kukatia juu ya kitambaa, inasogea yote. Sijawahi kuona ncha mbili zikienda na ya tatu ikibaki nyuma kupumzika. Hebu waambie hawa wawili waanzie mlangoni, kila mmoja atembee hatua kumi na mbili."

Walitembea. Mwalimu aliishia kwenye tangi la maji. Ndambiri alikuwa amelipita zizi.

Mzee Gitari akaenda zizini. Alifungua kamba ya ng'ombe wangu, akaenda kupima. Upande wa juu ukalingana, matoka kwa matoka, kigingi kwa kigingi. Pande mbili zinazoteremka hazikulingana. Kila mara, kwenye vigingi, kamba ilibaki mkononi mwake, urefu wa ng'ombe na zaidi.

"Lakini kwenye karatasi ni sawa!" mwalimu akalia.

"Basi ng'ombe alishwe karatasi," nikamjibu.

"Ni kosa dogo, shemeji," Ndambiri akasema, sauti imekuwa ya maombi. "Sisi ni familia. Tia sahihi, tutarekebisha baadaye."

"Rekebisha sasa. Kwa miguu yako ile ile."

Mzee Gitari akamwelekeza kwa fimbo. Ndambiri akaanza kwenye matoka ya chini akihesabu polepole, na kila hatua ikizidi kuwa fupi.

"Nyoosha miguu, Ndambiri," mzee akasema. "Juzi haikuwa na ugonjwa."

Kumi na mbili chini. Tano kulia. Hatua ya mwisho ikamfikisha ndani ya majani chai yake, mistari mitatu ndani, ile michai mikubwa anayoipenda kuliko mkewe. Kigingi cha mwalimu kilikuwa huko nyuma, nje kabisa ya chai. Hapo nikaelewa kwa nini simu ililia wakati ule.

"Kipande cha mama kinaishia hapo ulipo," Mzee Gitari akasema. "Ng'oa hii chai apande nepia, ama lori litafute njia nyingine. Sema."

Ndambiri akaitazama chai. Akatazama barabarani, lori lilipokuwa limeegeshwa. Akarudi kwenye kigingi cha mwalimu, akaking'oa, akaenda akang'oa na vile viwili vya juu, akaviweka vyote mbele ya miguu yangu. Kisha akachukua kofia yake na kuteremka kwenda kwake, kwa hatua ndefu.