Meno Sita ya Mbele

Huku kwenye malisho ya kiangazi hatumtaji kwa jina lake. Tunasema Miguu-Kijivu, tena kwa sauti ya chini, maana mdomo huponza kichwa. Basi Johan, mwanafunzi wa chuo cha Uppsala aliyekuja kukusanya majani ya milimani, alikaa mlangoni pangu, akala mkate wangu na maziwa yangu ya mgando, kisha akaropoka, "Mama Kerstin, mbwamwitu ni wengi huku?"

"Funga mdomo wewe. Mwanangu yuko nje na mbuzi."

Akacheka. "Haya, nitamtaja kwa Kilatini, hatajua kama anasemwa. Mwalimu wetu amewaweka walaji nyama katika kundi moja, Ferae. Ni neno la Warumi wa kale, maana yake wanyama wakali wa porini. Dubu yumo, paka yumo. Hata huyo mbwa wako Snar yumo."

"Snar analala na mtoto."

"Mtazame mdomoni. Meno madogo sita mbele, na chonge kila upande. Kama huyo Miguu-Kijivu wako."

Nilikasirika, ila zaidi niliogopa. Nje pale Brita wangu alikuwa ameketi kwenye nyasi, shingo wazi, Snar mbele yake.

Mara kengele za mbuzi zikalia ovyo, mbuzi wakakimbilia zizini. Snar akasimama, manyoya wima, akamtolea Brita meno yote. Nilinyakua shoka nikakimbia, na huku nakimbia najua sitawahi.

Snar akaruka. Akapita juu ya kichwa cha mtoto, akaangukia kitu cha kijivu kichakani nyuma yake, wakabiringishana hadi ndani ya msitu.

Johan alikuwa ameshapanda paani. "Ameondoka?"

"Shuka umwite tena kwa Kilatini."

Snar alirudi akichechemea, mdomo umejaa damu. Nilisimama na shoka langu, sijui nimpokee au nimzuie. Brita hakuningoja. Alimpanua taya, akaingiza mkono wake mdogo, akaanza kumtoa manyoya ya kijivu katikati ya meno. Snar alikuwa akitetemeka kwa maumivu, lakini hakufumba mdomo mpaka mkono ulipotoka.