Kikombe Kisichoonjwa

Jumanne, tarehe 14 Juni. Asubuhi ukungu ulishuka hadi kwenye mabati ya kiwanda, na baridi ilikuwa ile ya kuuma masikio. Nilikwenda kazini nikiomba njia nzima, kwa maana watoto wa kipaimara walikuwa wamelazwa baada ya kunywa mtindi wetu kwenye sherehe yao, na pamoja nao Mama Mligo aliyewaandalia. Kama ilivyo desturi kwetu, alionja kwanza mbele ya wageni ndipo akawapa. Basi akawa wa kwanza kuugua. Mimi ndiye msemaji wa kiwanda. Nilijua, kama wote ofisini walivyojua, kwamba mashine ya kupozea iliharibika na maziwa yakafungwa vivyo hivyo.

Mkurugenzi wetu, Bwana Kinyunyu, aliniita. "Dada Eliwaza, si wewe unayesomea jioni mambo ya kulinda jina la kampuni? Haya, elimu hiyo ifanye kazi." Akanisogezea taarifa ya kusoma redioni saa mbili usiku: mtindi wetu ni salama, wananchi waendelee kuutumia.

"Na chupa zilizoko madukani, Bwana Mkurugenzi?"

"Zitaisha zenyewe."

Katibu muhtasi akaingia na bilauri yake ya mtindi ya kila siku. Bwana Kinyunyu akaisukuma pembeni. "Leo chai tu."

Jioni nilifika darasani kabla ya wenzangu. Niliilaza ile taarifa juu ya dawati, nikalaza kichwa juu yake, nikasema, "Bwana, nionyeshe." Kabla sijafika amina, usingizi ukanichukua.

Nikajiona nimo katika mji mweupe, ambao nyumba zake zote zilipakwa chokaa upande wa barabarani. Nilipochungulia nyuma hakukuwa na nyumba, ila magogo yaliyoegemezwa ili kuta zisianguke, na upepo uliopita humo ulitoa sauti ya mtu anayejizuia kutapika. Mwanamke mwenye vumbi miguuni akanishika mkono. "Naitwa Amana," akasema. "Watu hunijua siku ninapoondoka." Akaniongoza hadi uani, na pale juu ya mkeka alilala mgonjwa aliyekonda hata nikauona moyo wake ukidunda mbavuni. "Huyu ni Jina Jema. Siku za shwari ndizo zake za kula. Hushibishwa na chupa inayooshwa vizuri wakati hakuna mkaguzi, na mfugaji anayejibiwa kwa heshima wakati hana pa kulalamikia. Siku ya msiba huishi kwa akiba hiyo. Wenyeji wa hapa walidhani anakula chokaa." Nikamwuliza kama atapona. Akajibu, "Hilo utaulizwa wewe."

Tukatokea barazani. Pale aliketi Kiburi, amevaa joho, na mlangoni alisimama Ukimya, midomo yake imeshonwa kwa uzi safi. Watu walibisha nje wakiuliza habari za wagonjwa wao, na kila Ukimya alipotikisa kichwa, chini ya mlango alipenya mtoto mwingine wa Uvumi, hana macho, ana mdomo tu. Watoto hao wa Uvumi wakanizunguka wakinicheka: "Karibu, msomi! Tusomee basi!" Mbele ya Kiburi walipanga foleni watoto waliovaa nguo nyeupe za kipaimara, zimelowa umande kana kwamba wamelala nje. Hawakulia. Kiburi akawagawia vikombe akisema, "Kunyweni, ni salama." Binti mmoja akauliza, "Babu, mbona huonji?"

"Mkubwa haonji," akacheka Kiburi. "Mkubwa hutangaza." Kisha akakitia kikombe mkononi mwangu.

Nikataka kupiga kelele, nikahisi sindano. Ukimya alikuwa ananishona midomo, taratibu, kwa huruma, kama mama anayeshona sare ya mwanawe. Nikajaribu kuomba, na sala ikabaki kooni. Yule binti akanyoosha mkono kupokea. Macho yake yalikuwa ya Mama Mligo. Amana alikuwa ameanza kuondoka, na sauti yake ikanifikia kwa mbali: "Eliwaza, onja au mwaga. Njia ya tatu haipo." Nikamwaga. Ardhi ikaupokea mtindi ule, kisha ikautapika. Na kule uani nikasikia Jina Jema akikohoa, akiomba maji.

"Dada Eliwaza! Umekoroma mpaka chaki imeanguka!" Alikuwa Mgaya, mwanafunzi mwenzangu, mtangazaji wa redio ya mji wetu, ambaye tungeongozana naye kwenda studio. Darasa zima likacheka, hata Mwalimu Hongoli.

Mimi sikucheka. Karatasi ilikuwa imelowa jasho chini ya shavu langu. Mchana kutwa nilikuwa natafuta maneno ya kulitibu jina, kumbe jina lilikuwa linafia vikombeni, katika nyumba ambazo usiku huu zingefungua chupa kwa sababu mimi nimesema.

"Mgaya, nafasi yangu ya saa mbili bado ipo?"

"Ipo. Si una taarifa ya mkurugenzi?"

"Hii siisomi."

Kicheko kikakatika. "Dada, utafukuzwa kazi."

"Najua." Nikasimama. "Mwalimu, nanyi wenzangu, nishuhudieni mbele za Mungu. Usiku huu nitawaambia watu waumwage mtindi wetu, na nitawaambia sababu. Na Mungu akiniachia kazi hii au akininyima, sitampa mtu tena kikombe ambacho mimi mwenyewe naogopa kukionja."