Hitima ya Mwanarehema

Mwanarehema wa Mtongwe alikuwa na deni na alikuwa na pesa, vyote viwili chini ya paa moja, na ajabu ni kwamba havikuwa vimewahi kukutana.

Deni lilikuwa la kadi ya mkopo. Kadi aliipata zamani, alipokuwa mpishi wa keki katika hoteli moja ya Diani, mwenye mshahara na miguu miwili mizima. Kisha akateleza jikoni, nyonga ikavunjika, hoteli ikampa pole na kwaheri, na tangu hapo akawa mtu wa magongo na pensheni ndogo ya ulemavu, shilingi elfu saba na mia nne kwa mwezi. Kadi haikupewa habari ya ajali. Ilikubali dawa, ikakubali magongo, ikakubali mtu wa kumnyoosha nyonga, ikakubali mtungi wa gesi, mpaka siku moja dukani ikakataa kilo mbili za unga. Hapo ndipo alipojua kwamba anadaiwa laki moja na elfu kumi na mbili. Kila mwezi alilipa elfu tatu, kila mwezi riba ikazila zote, na deni likabaki limekaa kitako pale pale.

Pesa nazo zilikuwa kwenye kibweta cha mamake, chini ya kitanda: elfu arobaini na moja na mia tano. Hizo zilikuwa za hitima yake mwenyewe.

Mamake alipofariki, miaka kumi na minane iliyopita, nyumba haikuwa na kitu. Kisomo kikasomwa, dua ikaombwa, na watu wakapewa chai ya rangi na mahamri yasiyotosha. Mwanarehema alimsikia mwanamke mmoja akivaa viatu mlangoni akisema, "Maskini, hata hitima yake imekuwa ya njaa." Siku ile aliapa kwamba yake itakuwa ya biriani, tena ya mbuzi wawili, na watu watarudi makwao wameshika matumbo. Akaanza kuweka. Serikali ilipobatilisha noti za elfu za zamani, alizipeleka zikabadilishwa na akazirudisha zote kibwetani. Nyonga ilipovunjika aliacha kuongeza, lakini hakupunguza hata senti. Kuna wiki alikula sima kwa chumvi, amekalia kitanda, na chini ya kitanda mbuzi wawili wanamngoja afe.

Aliyempigia simu kutoka benki alikuwa msichana wa Nairobi, jina lake Achieng. Alipiga kila Jumatatu baada ya adhuhuri, na mwanzoni alikuwa akianza na deni. Mwanarehema akamtia adabu.

"Mwanangu, kwanza salamu. Hujambo? Wazazi hawajambo? Na baridi ya huko, yawaonaje?"

Baada ya miaka miwili Achieng alikuwa akianza na shikamoo, wakimaliza habari za nyumbani anataja deni, Mwanarehema anasema inshallah, na wanaagana vizuri. Lakini Jumatatu moja sauti yake ilikuja nyingine.

"Mama, leo siko na habari nzuri. Faili yako inaenda kwa madalali. Kweli hauna kitu kidogo mahali?"

Mwanarehema hakujua kumdanganya mtu aliyemwamkia. "Pesa n'nazo, mwanangu, wallahi sikufichi. Lakini hizo sizigusi. Ni za sanda na hitima."

"Hitima ni nini?"

"Kisomo cha maiti, na chakula cha watu n'kishazikwa. N'shapanga kila kitu. Hata mpishi n'shamwambia."

"Umeshapanga," Achieng akasema polepole. "Ni lini, mama?"

"Ah, hilo alijua Mungu. Lakini si mbali. Sote twaelekea huko."

Mtongwe maneno hayo husemwa na kila mtu aliyevuka miaka arobaini, tena akiwa anatafuna korosho. Achieng hakulijua hilo. Kwao mtu hazungumzii siku yake mpaka daktari aizungumzie kwanza. Mwanarehema alisikia mtu anapenga kamasi upande wa pili, kisha, "Pole sana, mama," na simu ikakatika.

Siku nne baadaye barua ya benki ikaingia kwenye simu. Benki ilisema alipe elfu arobaini kabla ya mwisho wa mwezi, na zilizobaki zote zitafutwa. Mwanarehema aliisoma mara tatu, kisha akamwita Swabra, muuza viazi karai wa nyumba ya pili, rafiki yake tangu wakiwa chuoni wanasomeshwa Kurani.

"Wewe uliwaambia nini?" Swabra akauliza. Alipoelezwa, alikaa chini sakafuni, akajiziba mdomo kwa leso na kucheka mpaka machozi. "We Mwanarehema! Wamedhani wakata roho! Wataka chao kabla hujaenda nacho!"

Mwanarehema hakucheka. Aliona haya, na haya ilimpanda mpaka masikioni. Kupunguziwa deni kwa kifo cha uongo ni wizi, na yeye hakuwa mwizi. Akapiga simu papo hapo, na kwa mara ya kwanza salamu akazikata katikati.

"Mwanangu, mimi siumwi. Nyonga ndiyo mbovu, haya mengine yote mazima. Huenda n'kaishi miaka thelathini. Waambie wakubwa wako waifute ile barua."

"Kumbe!" Achieng akapiga kelele. "Mama! Na vile nimelia wiki yote! Hata kanisani nimewaambia wakuombee!"

"Dua haipotei, nashukuru. Lakini barua?"

"Barua iache tu. Sikuandika eti unakufa, niliogopa kuandika hiyo. Niliandika ukweli. Huyu mama ana ulemavu, pensheni ni elfu saba, na amelipa kila mwezi miaka miwili bila kukosa. Mkubwa akasema apunguziwe." Achieng akasita kidogo. "Ningeandika kitambo, mama. Ni vile sikuwa nimefikiria kuuliza."

Basi haya ikaondoka, na pamoja nayo kikaondoka kisingizio cha kutolipa. Mwanarehema alikivuta kibweta kwa gongo, akakifungua mbele ya Swabra. Akitoa elfu arobaini, zinabaki elfu moja na mia tano. Mbuzi wamekwenda, mchele umekwenda. Aliona kama anaambiwa amzike mamake mara ya pili, tena kwa chai ile ile.

"Siwezi," akasema. "Heri nidaiwe mpaka nife."

"Haya, ufe," Swabra akasema, akijipepea. "Tuseme umekufa kesho, Mungu apishe mbali, na deni la benki liko. Kibweta afungua nani?"

"Kakangu Suleiman."

"Na Suleiman, alivyo mtu wa msikiti, alipa nini kwanza?"

Mwanarehema akakifunga kibweta polepole. Jibu alilijua. Walifundishwa wote wawili chuoni, kwa bakora: maiti akishapata sanda na kaburi, kinachofuata ni deni, kabla mtu yeyote hajagusa mali yake. Alikuwa na elimu hiyo tangu ana miaka minane, na miaka kumi na minane amekuwa akiweka pesa, na mambo hayo mawili hakuwahi kuyakutanisha kichwani.

"Biriani yako ingeliwa na benki," Swabra akasema. "Hata mifupa ingeitafuna."

Mwanarehema alilia. Alilia kwa uchungu wa kweli, kwa sababu ya mamake na yale mahamri, na kwa sababu ya sima na chumvi aliyokula bure. Kisha akili ikamrudi, akaanza kucheka huku kamasi zinamtoka. Watu husema kukopa harusi, kulipa matanga. Yeye alikuwa ameshayalipia matanga, na hiyo harusi yenyewe hajaila.

Kesho yake asubuhi alijikongoja mpaka kwa wakala wa benki, akazitoa noti zinanukia udi, wakala akazihesabu mara mbili akipiga chafya. Alasiri Achieng akapiga simu kumsomea kwamba akaunti imefungwa na deni limekwisha. Walisahau kukata simu, wakazungumza habari za meno ya mwanawe Achieng kwa robo saa.

Mwisho wa mwezi pensheni ikaingia. Shilingi elfu saba na mia nne, zote, hakuna mkono uliozitangulia. Mwanarehema alizitazama kwenye simu akaona furaha inamjaa kifuani. Akatuma aletewe kilo tatu za nyama ya mbuzi, mchele, vitunguu na maziwa lala. Alipika mwenyewe, amekaa kigodani, magongo ameyaegemeza ukutani, na Swabra kazi yake ikawa kukaranga vitunguu na kutukanwa.

Ijumaa baada ya swala majirani wakaja uani, na Suleiman mbele yao, mzee mnene asiyekosa shughuli.

"Kuna nini leo?" akauliza.

"Hitima yangu."

"Astaghfirullah! Mwanarehema!"

"Kula. N'kifa mtakunywa chai ya rangi, na mtu asiseme neno mlangoni."

Walikataa kwa midomo tu. Sinia zilipofunuliwa, harufu ya zafarani ikamaliza ubishi wote. Mwanarehema alijiweka mahali anapoziona nyuso za watu, akawaangalia wanavyokula, wanavyopokonyana viazi, wanavyojilamba vidole. Mwanamke mmoja alisema hajapata kula biriani kama ile, na mwenyewe akamsikia. Aliuliza tena, kama vile hakusikia vizuri, ili aambiwe mara ya pili.

Suleiman akashiba, akasimama kwa shida, akapangusa ndevu. Yeye ndiye ambaye siku ya siku angesimama mbele ya jeneza la dadake na kuuliza neno lile linaloulizwa kabla maiti hajazikwa, na shibe ilikuwa imempa utani.

"Haya, waungwana," akasema kwa sauti ya makaburini. "Kuna mtu yeyote anayemdai Mwanarehema?"

Watu wakacheka. Swabra akainua mkono. "Mimi. Viazi vya hamsini, vya Jumanne."

Mwanarehema akafungua pindo la leso, akatoa hamsini, akampa mkononi mbele ya watu wote.

"Uliza tena," akamwambia kakake.

Suleiman akamtazama, utani ukamtoka. Akauliza tena, polepole. Ua wote ukanyamaza, Mwanarehema akasikiliza, na hakuna aliyeinua mkono.