Herufi M Bila Taji

Minna Oberholt alifariki Roma, Jumanne asubuhi, mwezi wa tatu mwaka 1911. Kitanda chake kilikuwa na taji kwenye ubao, taji kwenye mito, na taji kwenye shuka aliyojifunika. Mumewe, Prinsi Orsenigo, alikuwa zizini akimtazama farasi mpya. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono. Mimi ni Lena Haas, mshonaji wake. Nilikuwa naye miaka kumi na tisa.

Naandika haya kwa sababu gazeti la Cincinnati liliandika kwamba aliishi kama malkia.

Baba yake aliuza mafuta ya nguruwe huko Cincinnati. Yalikuwa mafuta mazuri, na mzee hakuyaonea haya. Aliyeona haya ni mama yake, Bi Oberholt. Walipohamia New York, wanawake wa mtaa ule walimpita Bi Oberholt kanisani kana kwamba ni nguzo, na yeye akaapa kwamba siku moja watamwinamia bintiye. Minna alikuwa na miaka kumi na tisa, mcheshi, mwenye mikono mikubwa ya kwao, na hakuna aliyemuuliza anataka nini.

Akaletwa Lodi Harcombe, mwinyi mwenye cheo kutoka Uingereza. Walionana mara nne kabla ya harusi. Mara ya kwanza bwana huyo alimweleza baba mtu habari za paa la jumba lake linalovuja. Alieleza chakula kizima, mpaka matunda yakaondolewa mezani. Jina la bibi harusi alilikosea mara mbili.

Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari na kujifunza sindano kwa mama yangu. Nikapewa shuka ishirini na nne za kitani nitarizi herufi M kwenye kila moja, nyeupe juu ya nyeupe, kama bibi yake Minna alivyomtarizia mto alipokuwa mdogo. Nilipomaliza, Bi Oberholt akaziangalia, akauliza taji liko wapi. Nikatarizi juu ya kila M taji la lodi, lenye ncha tano.

Kule Harcombe nilikaa nao miaka sita. Paa lilitengenezwa upya kwa pesa za mafuta ya nguruwe. Mezani lodi alizungumza na mbwa wake, na mkewe alipotia neno, mbwa ndio waliogeuka kumtazama. Asiyefanya kazi tangu babu wa babu yake ana muda mwingi wa kukimbiza mbweha, na ndivyo alivyokufa: farasi aligoma kuruka ukuta, yeye akaruka peke yake. Mbweha alipona.

Wiki mbili baada ya mazishi mama mkwe akamwambia Minna kwamba nyumba inamhitaji lodi mpya, mpwa wao, na kwamba shuka zake anaweza kwenda nazo. Paa hatukwenda nalo.

Nilidhani basi, tumepona. Lakini Bi Oberholt hakukaa hata mwaka. Alikuja na habari za Prinsi Orsenigo wa Roma, akasema prinsi yuko juu ya lodi, kama mtu anayesifia ghorofa ya juu zaidi.

"Mama, nimeshaolewa mara moja kwa ajili yako," Minna akamwambia.

"Na utapata raha gani kubaki Bi Mjane?"

Basi nikakaa tena dirishani na mkasi mdogo, nikafumua mataji ya lodi, nikatarizi ya prinsi, makubwa, yenye majani. Kitani kizuri hakisahau sindano. Ukiinua shuka mbele ya mwanga, vitundu vya taji la kwanza vilionekana chini ya la pili. Minna aliviona akacheka mpaka akakaa chini.

"Lena we, yule mjinga bado yumo. Hata afumuliwe hatoki."

Kuhusu prinsi sina mengi ya kusema. Alikuwa na masharubu yaliyopakwa nta na dada anayeitwa Ersilia, na dada ndiye aliyefikiri kwa niaba ya wote wawili. Umwinyi wote wa nyumba ile ulikuwa kutamka majina ya waliokufa. Minna hakupata mtoto, na kwa hilo walimtazama kama kiti kilichonunuliwa kikakutwa hakikaliki. Alipoanza kukohoa damu, prinsi alihamishia chumba chake upande wa pili wa ua.

Wiki ya mwisho aliniita nisogee.

"Hapa maiti hulazwa ukumbini siku tatu, chini ya shuka ya taji, Roma nzima ipite kutazama. Mimi sitaki. Nizike na M yangu tu, kama ile ya bibi. Taji wabaki nalo."

"Usiseme hivyo, Bi Minna. Utapona."

"Usinijibu kama wanavyonijibu hawa. Niahidi."

Nikamwahidi. Sikujua nitatimiza vipi. Nani angemsikiliza mshonaji kuhusu maiti ya mke wa prinsi? Hata hivyo, asubuhi ile baada ya kumfumba macho, nilipanga maneno yangu, nikasimama mlangoni kumngoja Bibi Ersilia, tayari kugombana.

Akaja na shuka kwapani. Haikuwa na taji. Ilikuwa ya pamba, ya kasha la watumishi.

"Hii inatosha," akasema. "Hakutuachia mrithi. Ukumbini hatalazwa. Zile za kitani zifuliwe zirudi kashani, kaka yangu hawezi kukaa peke yake. Yuko binti wa Chicago, baba yake ana kiwanda cha sabuni. Wewe zifumue herufi, taji libaki. Umesikia?"

Nikaitikia kwamba nimesikia. Uso wangu niliuinamisha, maana nusura nicheke, na maiti ya rafiki yangu iko kitandani. Ubahili wao ulikuwa umempa alichokiomba. Kutoka mafuta hadi sabuni, na bado wangejiona hawajagusa mkono wa mtu wa kazi.

Nikaketi kando ya Minna nikatarizi M moja kwenye ile pamba, palipo bega la kushoto. Ersilia alipita akauliza nafanya nini.

"Nashona palipochanika, Bibi."

"Za watumishi zimechanika siku zote," akasema, akaenda zake.

Tulimzika Alhamisi. Prinsi alisimama kaburini amevaa glavu, akatazama saa mara mbili.

Nilibaki siku tisa na zile shuka ishirini na nne. Niliagizwa nifumue herufi. Nilifumua mataji. Nilifanya kazi safi, moja baada ya nyingine, mpaka kwenye kila shuka ikabaki M peke yake, na juu yake vitundu tu. Nikazipiga pasi, nikazikunja herufi zikiwa ndani, nikatia maua makavu ya lavenda yanukie, nikafunga kasha, nikampa Bibi Ersilia ufunguo. Alinipa mkono wa kuaga bila kuvua glavu.

Uzi wa mataji yote ishirini na nne nilikuwa nao mfukoni. Ukiukusanya haujazi kiganja. Niliutupa dirishani kwenye treni, kabla hatujafika mpakani.