Paka wa Kifuani

Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Uji sikuulizwa, kweli, lakini moyo wangu, mayi wee, uliulizwa kila asubuhi mpaka nikachoka kufungua vifungo vya gauni.

Mimi ni Khalayi, mke wa Makhanu wa Navakholo. Nilikuwa nimelazwa katika hospitali ya misheni nyuma ya Shieywe, kitanda cha dirishani, kwa sababu mlango mmoja wa moyo wangu ulikuwa umebana. Hivyo ndivyo Daktari Shikanga alivyonieleza. Damu inapita kwa shida, inapiga kelele, na kelele hiyo ndiyo wanafunzi wa udaktari walikuwa wanakujanga kusikiliza. Dawa yake ni kupasuliwa, na kupasuliwa ni Nairobi tu. Kila nikimwuliza nitaenda lini, ananipigapiga bega.

"Ngoja kwanza wanafunzi wafanye mtihani, mama. Mlio wako ni mzuri sana."

Mzuri! Ningekuwa na nguvu ningemrushia bakuli la uji. Nyumbani nilikuwa nimeacha mtoto wa miaka mitano, Awinja, na baba yake hakuwa na macho ya kitu kingine ila miwa. Miaka hiyo kila mtu alipanda miwa mpaka mlangoni mwa jikoni. Watu walinunua redio na mabati, wakasahau hata kupanda mboga. Nilitaka kupona nirudi nimlee mtoto wangu, basi. Sikuomba kingine.

Awinja aliujua huo mlio kabla ya daktari yeyote. Tangu akiwa mchanga alikuwa analala na sikio lake kifuani mwangu, na alipojua kusema, akasema ndani kuna paka anayekoroma. Asipomsikia paka, halali.

Sasa wanafunzi wenyewe. Kulikuwa na Andati, mtoto wa mjini, maneno mengi, viatu vinang'aa. Jibu la ugonjwa wangu alipewa na waliomtangulia, nao walipewa na waliowatangulia. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia wenzake, nami nimelala hapo hapo kama godoro, "Wa dirishani ni mlango wa kushoto umebana. Msijisumbue." Basi wanatia mipira masikioni, wananigusa na kile chuma baridi, wanatingisha kichwa kukubali, wanaandika, wameenda.

Mmoja tu ndiye hakutingisha kichwa. Barnaba Kibiwott, kijana mrefu wa Lumakanda, kwao wanalima mahindi. Yeye alikipasha kile chuma moto kwanza kwa kiganja chake. Atasikiliza, atafunga macho, atasikiliza tena, mwishowe atasimama amenuna.

"Nyinyi wa Lumakanda mmezoea trekta," Andati akamcheka. "Hayo masikio yalikufa zamani!"

Siku moja wenzake walipoondoka, Kibiwott akarudi peke yake.

"Mama, nisamehe. Naomba nisikilize tena."

"Sikiliza, mwanangu. Hicho ni cha bure."

Akasikiliza mpaka nikamwonea huruma. Akaniambia hasikii kitu, na akianguka mtihani atarudia mwaka mzima, na hajui atamwambia nini baba yake.

"Si useme tu kama wenzako?" nikamwambia.

"Nikidanganya kwako, mama, nitadanganya kwa mwingine pia."

Nikaona huyu naye ni mjinga kidogo, lakini nilimpenda.

Jumapili kabla ya mtihani Makhanu alikuja na baiskeli, Awinja amekaa nyuma kwenye keria. Mtoto akapanda kitandani na matope yake miguuni, akalaza sikio mahali pake. Akainuka. Akalaza tena.

"Mama, paka ameenda wapi?"

"Sikiliza vizuri."

"Hayuko!"

Makhanu haaminingi kitu mpaka akishike. Akainama mbele ya wodi nzima, akaweka sikio. Naye alikuwa ameuzoea mlio huo tangu anioe.

"Ni kweli," akasema. "Kumenyamaza."

Jameni, nililia. Akina mama wa kanisa walikuwa wananiombea tangu Krismasi! Kumbe Kibiwott hakuwa kiziwi, nilikuwa nimepona! Miguu yangu ilikuwa imevimba, na pumzi ilinikatika nikienda choo tu, lakini nani ataangalia miguu akiwa na habari kama hiyo? Nilimwambia Makhanu aanze kunenepesha jogoo. Daktari Shikanga sikumwambia neno. Nilitaka asikie mwenyewe mbele ya wageni wake wa mtihani, ashikwe na aibu.

Siku ya mtihani alikuja mzee mmoja kutoka Nairobi, mwenye miwani minene, ndiye mtahini. Andati alitangulia. Alinigusa kidogo tu, akamwaga Kizungu chake chote, na Daktari Shikanga akatabasamu. Kisha akaja Kibiwott. Akapasha chuma moto, akanigeuza ubavu wa kushoto, akasikiliza. Jasho lilimtoka. Akasimama, akasema hakuna mlio. Kizungu changu ni cha darasa la nne, lakini hilo nililielewa.

"Miezi miwili hapa na husikii kitu ambacho kila mtu anasikia?" Daktari Shikanga akamfokea.

Nikashindwa kuvumilia. "Anasema kweli! Hata mtoto wangu hasikii! Nimepona!"

"Mama, nyamaza. Huu ni mtihani."

Yule mzee akainua mkono. Akavaa mipira yake, akaniinamia, akasikiliza muda mrefu kuliko wote. Akatazama mishipa ya shingo yangu. Akabonyeza mguu wangu kwa kidole, shimo likabaki. Nilimtazama usoni nikingojea anipongeze, na uso wake haukunipongeza. Akamwuliza Kibiwott kitu polepole. Kibiwott aliniangalia, akaangalia chini. Mzee akauliza tena. Akajibu kwa Kizungu, na mzee akaandika, akampa mkono.

Alikuwa amepita! Nilifurahi kwa ajili yake, kweli kabisa. Kisha nikamshika koti.

"Umesema nini? Niambie kwa Kiswahili."

Akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, mlango umebana zaidi. Damu inayopita sasa ni kidogo sana. Moyo umechoka, hauna nguvu ya kupiga kelele tena."

"Na Nairobi je?"

Yule mzee alimgeukia Daktari Shikanga, akamwuliza mbona sikupelekwa mapema, nilipokuwa bado ninaweza kupasuliwa.

"Tulikuwa tunamweka kwa ajili ya mtihani," Daktari Shikanga akasema. Akasema hivyo tu, kama mtu aliyeweka mbegu.

Jumatatu Daktari Shikanga alikuja kitandani kwangu. Kundi jipya la wanafunzi lilikuwa njiani, na moyo ulionyamaza namna hii hawajawahi kuusikia. Je, ningekubali kukaa wiki moja tu?

"Waambie wakasikilize ukuta," nikamjibu.

Kibiwott alinibeba mwenyewe mpaka kwenye gari la misheni. Alilia njia nzima, na mimi nilikuwa na hasira sana, sikuweza kumbembeleza.

Nyumbani jogoo alikuwa amechinjwa. Majirani walikula obusuma na ingokho, ugali na kuku huyo, wakaimba nyimbo za kushukuru, na Makhanu alikuwa hana moyo wa kuwakataza. Walipokwenda, Awinja akaja pale mkekani, akalaza sikio mahali pake.

"Bado hajarudi?"

"Bado."

"Nitalalaje sasa?"

Nikamwambia afunge macho, ajifunze kulala bila paka. Akajaribu, maskini, akajigeuzageuza, akanung'unika, mpaka usingizi ukamchukua, na mimi nikalia kwa sababu aliweza.