Chelangat Hakati Neno

Chelangat amenimaliza. Mwaka wa nne huu ninamfundisha Kiswahili hapa Roret, na sijaona mtoto mwenye insha tamu kama zake wala kichwa kigumu kama chake. Mtihani unataka insha mbili kwa saa moja na dakika arobaini na tano. Yeye huandika moja na kipande. Akikosea neno halikati; anachukua karatasi nyingine na kuanza upya.

Na anataka kuwa mwalimu! Kwa alama hizi, chuo cha ualimu atakisikia redioni.

Nimembembeleza, nimemfokea, nimemwambia mtahini hatoi alama kwa karatasi tupu. Anaitikia vizuri, halafu anarudia yale yale. Juzi kwenye mtihani wa majaribio insha ya kwanza alipata kumi na nane kwa ishirini. Ya pili, tatu. Alikuwa amekosea tarehe ya barua, basi akaianza upya mara mbili. Tarehe tu!

Nikamwita baba yake. Mzee Kiptanui, katibu wa kanisa lao, alikuja Jumatatu baada ya kupeleka majani ya chai kituoni, koti limepigwa pasi. Aliisoma ile insha isiyokwisha polepole, akatabasamu, akasema mwandiko ni mzuri sana. Nilikaribia kulia kwa hasira. Kisha akanieleza kwa fahari kwamba tangu Chelangat akiwa darasa la tatu, kila ukurasa wenye neno lililokatwa yeye baba aliuchana, kwa maana barua ya kukatwakatwa ni kumdharau anayeisoma.

Kumbe ni yeye. Miaka yote hiyo nampigia mtoto kelele, na ninayebishana naye ni baba.

Nilimwekea kalamu mbele. Nikamwambia zimebaki wiki sita mtihani ufike, binti yake hatafika chuoni kwa sababu ya usafi huo, na kama anamtakia mema akate neno moja, lolote lile, msichana akiona. Chelangat alikuwa amesimama kando ya meza yangu, mikono nyuma. Mzee alishika kalamu, akaishusha hadi kwenye karatasi, akaiinua. Akaishusha tena.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "uko na rula?"

Ningefungua mdomo ningetukana. Chelangat ndiye aliyesogea, akachukua kalamu mkononi mwa baba yake na kukata neno katikati ya aya. Mstari ulipinda, wino ukaenda hadi ukingoni.

Mzee aliitazama karatasi. Akaishika kwa mikono miwili, nami nikajua sasa anaichana. Chelangat alijua hivyo pia, maana alifumba macho.

Mzee akairudisha mezani, mbele ya binti yake.

"Bado inasomeka," akasema. "Haya, maliza."